Dawa Iliyomgomea Mgoa Wangu Huku Texas

Mwanzo wa kisa hiki niliuona kwa macho yangu. Siri yake niliambiwa na Kudra, binti wa Tabora anayeishi Houston, Juni mwaka huu, Jumamosi saa ya chakula cha mchana, hata mkoba hajautua.

Alipomaliza kuongea, mwanangu wa kiume alitoka nje akaenda kusimama juani. Na jua la huku mwezi wa sita si la kusimama mtu mwenye akili zake.

Ngoja nianzie kulikoanzia.

Mume wangu anaumwa saratani ya tezi dume. Na si ile ya kugundulika mapema. Yake ilishatambaa mpaka kwenye mifupa.

Kila siku alikuwa anameza vidonge vinne. Hakosi. Mimi mwenyewe nimemuona akimeza.

Na kila akipimwa, ugonjwa umepanda.

Yaani mtu anakunywa dawa, dawa inampita kama haimjui.

Mume wangu anaitwa Anselmo. Ni Mgoa, yaani Mhindi wa Kikatoliki. Babu yake alikuja kufanya kazi ya reli, na yeye kazaliwa Tabora, kakulia Tabora, kafanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu. Kinyamwezi anakiongea kuliko mimi Mnyamwezi.

Mimi naitwa Pelagia. Niliishia darasa la nne, nikaolewa na fundi wa treni mwenye nywele za kulala. Ndugu zangu walisema nitarudi nyumbani kwa miguu.

Sijarudi. Nimefika Texas.

Watoto wetu wawili ndio walituleta. Na wenye wazazi huku mnaujua mchezo. Watoto wanawagawana wazee. Bibi anapelekwa penye watoto wachanga, babu anapelekwa penye hospitali.

Clara, binti yangu, akanichukua kwake Lewisville, upande wa Dallas, nimlelee wanawe. Wilfred, kaka yake, na mkewe wakamchukua baba kwao Katy, upande wa Houston, ndiko kuliko na madaktari wa saratani.

Kati ya sisi wawili kukawa na barabara ya saa nne na ushee. Na mimi siendeshi gari. Huku usipoendesha wewe ni kabati. Unakaa ulipowekwa.

Miaka yote ile ya ndoa, leo nimekuwa mke wa simu.

"Umemeza dawa, Baba Wilfred?"

"Nimemeza."

"Umekula?"

"Mkweo kanipa majani mabichi. Mimi mbuzi?"

Basi tunacheka, simu inakatwa. Maisha hayo.

Mwishoni mwa Mei, Wilfred akapiga simu, sauti imebadilika. Kile kipimo cha damu, PSA, kimepanda tena. Daktari anasema vidonge havishiki.

Na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Wilfred ni mtu wa kompyuta. Akisoma kitu jioni, asubuhi yake ni profesa. Akatuweka wote kwenye simu moja.

"Mama, nime-research. Hizi dawa wamezipima zaidi kwa Wazungu. Waasia walikuwa wachache sana. Baba ni Asian. Labda mwili wake hau-respond."

Clara akadakia. "Acha kumtisha Mama, Willy. Hata mimi nimesoma. Waasia waliopimwa walifanya vizuri tu. Kuna sehemu wamefanya vizuri kuliko Wazungu."

"Waasia gani? Wajapani! Wachina! Baba ni Mjapani?"

"Sasa na Mgoa wa Tabora yuko kundi gani?"

"Ndiyo swali langu!"

Sauti ya Anselmo ikasikika kwa mbali kwenye kochi. "Niwekeni kundi la wanaotaka kulala."

Nikauliza, "Lakini anakula?"

"Mama, subiri kwanza."

Nikasubiri. Kazi yangu ni hiyo. Watu wananisifia nina subira, lakini wanangu subira yangu wameigeuza mkeka. Wanaikalia.

Wiki nzima ikawa Waasia, Waasia. Clara anaosha vyombo, simu begani, anabishana na kaka yake. Huyu anamtumia mwenzake utafiti wa Korea, yule anarudisha wa India. Wanatukanana kwa Kiingereza, wanaombana radhi kwa Kiswahili.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia mume wangu amepungua mpaka suruali anaifunga kwa kamba.

Hilo nililiona kwenye video, siku aliposimama kufuata maji.

Nikamwambia Clara, "Nipeleke Katy."

"Mama, shule zimefungwa. Nani atabaki na watoto?"

"Watoto wako wana miguu na wana friji. Mume wangu ana mifupa inayoliwa. Nipeleke."

Hajawahi kunisikia hivyo. Akaomba ruhusa kazini, akatupakia wote kwenye gari.

Njiani mjukuu wangu Whitney akaniuliza, "Bibi, is Babu gonna die?"

Nikamwambia, "Kula chipsi zako."

Ningemwambia nini?

Tulipofika, Anselmo alikuwa amekaa mlangoni. Ilikuwa kama shati ndilo lililomvaa yeye.

"Mama Wilfred! Umekuja kunizika au kunipikia?"

"Nitaanza na kupika."

Nikaingia jikoni haraka, nisije nikalia mbele yake.

Kesho yake niliamka naye mapema. Dawa ile haitaki chakula, inamezwa tumbo likiwa tupu. Akatoa kichupa chenye jina lake, akamimina vidonge vinne vyeupe kiganjani, akanionyesha, akameza. Akapanua mdomo.

"Mkaguzi, umeridhika?"

Niliridhika. Nimuongopee nani? Nilimuona kwa macho haya.

Alhamisi tukaenda Houston kwa daktari. Mama mmoja mtaratibu, anakutazama usoni anapoongea. Clara akawa ananitafsiria.

Wilfred hakungoja hata viti vipoe. Akauliza swali lake la Waasia.

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, watu wenye asili ya Asia hawapimwi kwa wingi kama inavyotakiwa, na hilo ni kosa. Lakini kwa yale anayoyajua yeye, dawa hii haiwaangushi. Amewatibu wengi, na wanapata nafuu kama wengine.

Kisha akasema neno ambalo nilipaswa kulishika palepale.

"Kinachonishangaza si asili yake. Dawa hii kwa kawaida hushusha kwanza, halafu baadaye sana ndiyo ugonjwa unaizoea. Kwa huyu haikushusha hata kidogo. Ni kama haikujaribu."

Akamgeukia Anselmo. "Unameza kila siku?"

"Every day, daktari! Four!" Kama askari kwenye gwaride.

Daktari akashusha pumzi. Akasema basi, haina jinsi. Jumanne tunaanza kemo, ile dripu kali. Akasema wazi kabisa: kwa mwili ulivyokonda na moyo wake ulivyo, kemo inaweza kumsaidia, na inaweza kumwangusha.

Clara hakuitafsiri sentensi ile ya mwisho. Niliisoma usoni mwake.

Kwenye gari wakaanza tena.

"Si nilisema? Ni mwili wa Kiasia."

"Daktari kakwambia siyo, Willy! Una masikio?"

"Sasa ni nini? Niambie wewe!"

Anselmo anatazama nje dirishani, malori yanapita. Kimya kama hahusiki.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nyote wawili! Baba yenu yumo humu humu garini na mnamuongelea kama gari bovu!"

Wakanyamaza.  Nilikuwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Nimkasirikie nani? Daktari? Mungu? Mababu wa Goa?

Jumamosi nikapika wali, maharage ya nazi, na kuku. Nilitaka ale vizuri kabla ya hiyo Jumanne.

Ndipo Kudra akagonga mlango.

Kudra tunamfahamu, wazazi wake ni wa kwetu Tabora, yeye yuko benki hapa Houston. Alikuwa ametoka likizo nyumbani. Akaingia na dumu la asali na mfuko wa uyoga mkavu.

"Shikamoo Bibi! Shikamoo Babu! Babu, mzigo ulifika!"

Anselmo akakohoa. Hakuwa na kikohozi asubuhi.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Kula kwanza."

"Hapana Babu, nimeapishwa. Mzee Rozario kaniambia nisikae kabla sijakushukuru mbele ya watu."

Rozario ni mdogo wake Anselmo. Yuko Tabora mpaka leo. Na yeye tezi dume hiyo hiyo, imesambaa hivyo hivyo. Mara ya mwisho tulipata habari zake alikuwa haamki kitandani, tukawa tunamuombea mwisho mwema.

"Kudra, onja kuku," Anselmo akasema.

"Babu, yule mzee yuko fiti! Kanisindikiza mpaka stendi kwa miguu. Binti yake kanionyesha vipimo, ile PSA yake imeporomoka mpaka daktari wa kule kauliza anatumia nini."

"Kudra, mwanangu, juisi..."

"Nikamuuliza binti, jamani, siri nini? Akasema ni zile vitamini zako Babu! Vidonge vinne kila asubuhi, tumbo tupu. Mara nyingine mzigo unakuja na mimi, mara nyingine na watu wa Dallas. Nikasema wee, vitamini za Marekani ni moto!"

Akacheka. Akacheka peke yake.

Ngoja niwaeleze wasioishi huku. Mtu akisafiri kwenda nyumbani, begi lake si lake. Kila mmoja anamletea kifurushi. Viatu vya mtoto wa shule, simu ya shangazi, vitamini za mama. Vitamini ziko kwenye kila begi. Hakuna anayefungua kichupa cha vitamini kuangalia ndani. Utaonekana huna adabu.

Anselmo aliijua adabu hiyo vizuri sana.

Wilfred akaweka uma chini. Akaenda chumbani kwa baba yake, akarudi na kile kichupa chenye jina. Akampa Clara.

Clara akamimina vidonge kiganjani, akavigeuza, akasoma alama zilizochorwa juu yake, akatazama kwenye simu yake. Akasema polepole, "Baba. Hivi ni vya kuongeza nguvu ya mifupa. Ni calcium."



"Vyenyewe viko wapi?"

Anselmo akajipangusa mdomo kwa kitambaa. "Vyenyewe viko Tabora."

Ndipo Wilfred akatoka nje akasimama juani.

Kudra maskini alibaki na dumu la asali mkononi. "Bibi, haki ya Mungu sikujua. Niliambiwa vitamini."

"Kaa mwanangu. Hukujua. Hata mimi ninayelala naye sikujua."

Nikamgeukia mume wangu. 

"Sema."

"Niseme nini, Mama Wilfred? Mimi daktari alinipa vitu viwili. Sindano na vidonge. Sindano wananichoma wenyewe hospitali, siwezi kuituma. Rozario walimfanyia upasuaji tu, vidonge hivi hana pa kuvipata. Mimi nina viwili, mwenzangu ana kimoja. Nikagawa."

"Ukagawa!"

"Sisi tumekula sahani moja tangu utoto. Nyama ikiwa mbili, kila mtu moja. Nikadhani sindano itanitosha."

"Na ulipoona haitoshi?"

Hapo akainamisha kichwa. "Nilipoona haitoshi, yeye alishaanza kutembea. Ningemnyang'anya vipi mtu aliyeanza kutembea?"

Clara analia. "Baba, ukatuacha tugombane wiki nzima, Waasia, Waasia, na wewe unatusikiliza tu!"

"Nilitaka kuwaambia. Lakini mlikuwa mnaenjoy."

Jamani. Nilitaka kumpiga na mwiko. Na nilitaka kumkumbatia. Nilimpa mgongo, nikafunika sufuria.

"Sikasiriki kwa ajili ya Rozario," nikamwambia. "Rozario ni shemeji yangu. Nakasirika kwa sababu ulipanua mdomo ukanionyesha. Uliniita mkaguzi, nikafurahi kama mjinga. Ungeniambia ukweli."

"Ningekuambia ungenikataza."

"Ndiyo! Ningekukataza! Kazi ya mke ni ipi?"

Mlango ukafunguka. Wilfred karudi, jasho linamchuruzika, uso mwekundu kama nyanya. Akasimama katikati ya sebule.

"Kwani Uncle Rozario ni kabila gani?"

Tukamtazama.

"Nauliza! Si Mgoa? Si baba mmoja, mama mmoja na Baba? Si Asian?" Akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu anayetaka kulia. "Dawa inafanya kazi kwa Waasia, Mama. Inafanya kazi vizuri sana. Imefanya kazi kwa yule aliyeimeza."

Clara akamwandikia daktari ujumbe palepale. Jumatatu asubuhi tukaitwa.

Yule mama daktari alisikiliza kisa chote. Akaweka mkono kwenye paji la uso, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Kwa hiyo dawa haijashindwa. Haijaanza."

Kemo akaiweka pembeni. Akaandika dawa upya, akasema tutapima tena kabla ya kuamua lolote.

Lakini hakumuacha Anselmo hivi hivi. Alimchapa maneno. Vidonge vile vinapandisha presha, vinaweza kuumiza ini, vinakwenda na kidonge kingine cha kuvisindikiza, na mtu anayevimeza lazima daktari wake ajue apimwe. "Umemsaidia mdogo wako," akamwambia, "na ungeweza kumuua. Umebahatika tu."

Mgoa wangu akaitika, "Yes, daktari," safari hii kwa sauti ya chini.

Mnadhani yameisha? Hayajaisha. 

Maana dawa ile ikirudi kwa huyu, inaondoka kwa yule. Clara anahangaika na simu za nyumbani, amempata daktari Dar, wamekubaliana Rozario aende akapimwe vizuri, aandikiwe dawa yake kwa jina lake. Kama itapatikana. Kama moyo wake na ini lake vitairuhusu. Kama, kama, kama. Huku imejaa kwenye maduka kama pipi, kule mzee wa watu anaisubiri kwenye begi la msafiri. Nani nimgombeze kwa hilo? Sina.

Daktari alikubali Anselmo ameze jioni, mradi tumbo liwe tupu. Basi jioni ya Jumatatu ile, dawa mpya iko mkononi, jua lilikuwa bado linaonekana nyuma ya paa za majirani, Tabora alfajiri haijapambazuka, tukampigia Rozario kwa video.

Alishaambiwa yote. Uso wake ukajaa kwenye simu, macho mekundu.

"Kaka, uliniambia ni msaada wa kanisa!"

"Kanisa ni mimi," Anselmo akasema.

"Usinichekeshe, nina hasira na wewe. Vilivyobaki navirudisha."

"Utavirudisha na nini, baiskeli?"

Wazee wawili, pua moja, wanatazamana kwenye kioo kidogo.

"Weka mkononi nione," Rozario akasema.

Anselmo akamimina vinne. Clara akavikagua kimoja kimoja. Nami nikavikagua, ingawa sijui kuvisoma.

"Meza."

Akameza. Akapanua mdomo. Nikaingiza kidole mpaka chini ya ulimi, mbele ya mkwe na wajukuu, sikuona haya.

"Na wewe?" Anselmo akamuuliza mdogo wake.

"Mimi vimebaki vya kunifikisha kwa huyo daktari wa Dar."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaongea. Lakini utanidanganya tena?"

"Hapana."

"Apa kwa mama."

Akaapa kwa mama yao.

Ndugu zangu mnaosoma, kabla hamjagombana dawa inamfaa mtu wa asili gani, ulizeni kwanza imeingia kwenye tumbo la nani. Muulizeni mgonjwa kwa upole, tena mkiwa wawili, bila kelele. Na ninyi mnaogawana wazazi, msiwagawe mbalimbali namna ile. Mgonjwa aliye mbali na mwenzake ana nafasi kubwa ya kufanya ujinga wa mapenzi. Na wewe unayebeba vitamini za watu, fungua kichupa. Wakuite huna adabu.

Rozario akasema kwao bado giza, anarudi kitandani. Simu ikazimika.

Wilfred alisinzia kwenye kochi na viatu vyake. Clara akalala na wanawe, Whitney kamkumbatia shingo. Anselmo akajilaza upande wake wa kitanda, akanishika mkono, akaanza kukoroma kabla sijamaliza kumgombeza.

Nikamalizia kumgombeza hivyo hivyo amelala. Nilipoishiwa maneno, na mimi nikalala.